Mlolongo wa Ras Al Khor

Discovery Gardens, Dubai
Jumapili jioni

Kwako Baba mpendwa,

Mulembe Baba. Mulembe tena, na salamu hii ya pili ni ya Mama, mpe kabla hujaendelea kusoma maana najua ukishika karatasi hushikiki. Hamjambo hapo nyumbani? Mvua imenyesha? Mahindi yamefika magotini ama bado? Na wewe mwenyewe, miguu yako iko aje? Nauliza miguu makusudi, na usikunje uso, tutafika huko.

Mimi ni mzima. Joto limeanza kurudi, asubuhi tukingojea basi la kazini shati linakuwa limeshashika mgongo. Hotelini bado niko kwa usafi wa vyumba. Yule madam wetu mkali amepunguza kelele tangu apate mjukuu, siku hizi anatuonyesha picha za mtoto badala ya kutuonyesha vumbi. Chumbani tuko sita, kila mtu na pazia lake, na Mganda wa kitanda cha juu bado anaongea usingizini. Juzi aliamuru ng'ombe watolewe shambani, na sisi sote tukaamka. Kwa hiyo maisha yanasonga.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu wewe huisikilizi, unaifokea. "Haloo! Haloo! Hakuna network!" halafu unampa Mama. Tena ni wewe uliyetufundisha kwamba neno zito huandikwa, mtu akalisoma amekaa. Basi keti. Dada mmoja wa hapa anaenda likizo na ndiye atakayekuletea barua hii, mpeni chai, na kama kuna kuku msimnyime.

Baba, Ijumaa tulikujadili.

Unajua sisi tuliosoma hapo chuoni na tuko Dubai ni wengi, na ndio tunaowatumia mipira na viatu. Sasa timu yako ilipotolewa tena na wale wa ng'ambo ya mto, kikundi chetu cha WhatsApp kiliwaka moto. Mkuu wa chuo akaona hapo ndipo pa kutua mzigo wake. Akatuandikia kwamba mkataba wako unaisha muhula huu, bodi imegawanyika, wengine wanasema kocha amezeeka na wengine wanasema bila Mwalimu hakuna timu, basi wapenzi wa timu walioko ng'ambo waseme: abaki ama atoke? Akaongeza kwamba bodi itafuata neno letu. Wajanja hao! Wanataka ukifukuzwa ulaumu Dubai.

Barasa akasema jambo kama hilo haliishi kwa simu, lazima iitwe kamukunji, mkutano wa wote, kama zile tulizokuwa tunaitisha chuoni maharagwe yakiwa na wadudu. Barasa unamkumbuka, beki wako wa kushoto, yule mfupi wa kuruka juu kuliko warefu. Sasa ni fundi wa magari huku Ras Al Khor. Arbab wake, yaani tajiri wa gereji, huwa hayupo siku za Ijumaa, basi tukakutana nyuma ya gereji baada ya sala, kati ya mainjini na milango ya magari isiyo na magari. Mwenyekiti wetu alikuwa Swaleh, mzee wa Mombasa anayeuza vipuri mlango wa pili. Hajakanyaga chuo chetu hata kwa ndoto. Alichaguliwa kwa sababu hana upande na ana thermos kubwa ya chai.

"Yaani mwagombania mzee ambaye hata hajui kama mwagombaniwa?" akauliza. "Wallahi nyinyi wabara mna kazi. Haya, semeni, mmoja mmoja."

Wa kwanza alikuwa Odhiambo, kipa wako. Siku hizi ni mlinzi wa mall, ameongeza kifua. Akasimama akatoa kofia, nikajua yanakuja.

"Mimi nampenda Mwalimu kuliko nyinyi wote hapa," akasema. "Lakini mpira si mapenzi jamani. Tunafungwa kila mwaka na timu ileile kwa njia ileile. Krosi, kichwa, goli. Krosi, kichwa, goli. Si basi hata tufungwe kwa njia nyingine, angalau tushangae kidogo!"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, nisamehe. Barasa hakucheka. Alipanda juu ya injini kama mbunge.

"Odhiambo, ulipokuja chuoni ulikuwa unadaka mpira ama unaukimbia? Nani alikusimamisha golini mpaka jua likazama, akikurushia yeye mwenyewe? Leo umeshiba Dubai unamwita mzee."

"Sijamwita mzee. Nimesema amechoka."

"Ni matusi yaleyale!"

Hapo kila mtu akaingia. Wengine wakakutetea, wengine wakakuchambua, wengine wakaiga sauti yako: "Mpira hauna miguu, wewe ndiye unayo!" Baba, wanaume wenye ndevu, katikati ya mafuta machafu ya Ras Al Khor, wanaiga sauti yako na kugombana nani anaiga vizuri. Mmoja akakumbusha jinsi chokaa ilipokuwa ikikosekana ulikuwa unachora uwanja kwa jivu la jikoni, na timu ya wageni ikiondoka imevaa soksi za kijivu. Mwingine akataja ile harufu ya mikaratusi mvua ikianza. Mwingine akataja ngoma ya isukuti ilivyokuwa inaanza kulia upande wa bweni la wasichana kabla hata timu haijatoka. Nilikumbuka Jumamosi zetu nyumbani, wewe ukivaa ile kofia ya kitambaa mlangoni, Mama akikuuliza utakula saa ngapi, na wewe ukimjibu, "Tukishinda, mapema." Nikashikwa na hamu ya nyumbani.

Ndipo nikaona jambo, Baba. Hawa watu hawakuwa wanazungumza mpira. Walikuwa wanarudi nyumbani. Mtu amekaa huku miaka, mama yake amezeeka bila yeye, shamba la babake limeuzwa, mtaa wao umejengwa hautambui. Kitu pekee ambacho hakijasogea ni wewe, umesimama kando ya uwanja na filimbi shingoni. Wakikutoa hapo, hawana pa kurudia. Hata mimi nilihisi hivyo, sitadanganya.

Lakini mimi najua kitu ambacho wao hawajui.

Usimgombeze Mama. Aliniambia kwa simu wewe ukiwa umeenda kuoga, na alikuwa analia. Aliniambia kwamba kwenye mechi hiyo ya ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha, miguu yako ilikufa ghafla ukakaa chini kwenye tope. Kapteni akaita wenzake wakakuzunguka wote, wakainama, ili watu wa upande wa pili wadhani unawapa mbinu. Wakakuinua kwa makwapa. Ukawaambia, "Atakayesema, nitamjua." Ameniambia pia daktari alisema ni presha, uache uwanja na kufoka kwenye baridi, kwamba siku nyingine huenda usiinuke. Na wewe ukamwuliza daktari anashabikia timu gani. Baba!

Sasa sikiliza. Kelele zilipopanda, Barasa akatoa simu. "Hamtaki maneno? Tazameni kwa macho!" Kuna mtu alimtumia video ya mechi hiyo. Wote tukasongamana. Mvua inanyesha kwenye kioo, isukuti inasikika mbali, tumefungwa mbili. Mara mchezo unasimama, vijana wanakimbia kando ya uwanja, wanafanya duara, wanainamisha vichwa.

"Mnaona?" Barasa akapiga kelele, sauti inamkatika. "Tumefungwa, mvua, dakika zimeisha, na Mwalimu bado amewakusanya anawatia moto! Huyo ndiye wa kufukuzwa? Huyo?"

Watu wakapiga makofi. Mmoja alifuta macho. Odhiambo mwenyewe akatikisa kichwa akasema, "Hapo sina la kusema, ana moyo."

Mimi nilitafuta kofia yako. Wewe ni mrefu kuliko wachezaji wote, Baba, umekuwa mrefu kuliko wote tangu nikujue. Kofia yako ingeonekana juu ya vichwa vyao. Haikuonekana. Nilijua uko wapi, na watu wanakushangilia.

Ningeweza kusema. Neno lilifika mdomoni. Lakini uliwaambia wale vijana wasiseme, nikaona hata mimi ni kijana wako, nikafunga mdomo. Sijasema mpaka leo na sitasema.

Swaleh akaona tutakesha. "Khalas! Maneno yametosha. Pigeni kura mwende makwenu." Barasa akataka mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, tuonane uso kwa uso, asije mtu akasema kura imeibwa. Wa abaki wasimame nyuma ya Barasa, kwenye ile Land Cruiser isiyo na milango. Wa atoke wasimame nyuma ya Odhiambo, kwenye matairi.

Wee! Mstari wa Barasa ukazunguka gari. Nyuma ya Odhiambo wakaenda wanaume watatu tu, tena wakiinamisha vichwa. Barasa akaniachia nafasi mbele kabisa, akaipangusa hata, akaniambia, "Binti Mwalimu, hapa."

Nikaenda kwenye matairi.

Kwanza walidhani nimekosea. "Nekesa, huku! Umepotea njia!" Walipoona nimesimama na sigeuki, wakaacha kuniita. Kisha Barasa akasema polepole, "Hata damu yake." Msichana mmoja wa mwaka wangu, ambaye umempa ugali mezani kwako mara nyingi, akasema hiyo ni laana na itanifuata. Mtu wa nyuma akasema labda nimekosana nawe kwa sababu ya mume. Nilitaka ardhi inimeze. Wakaanza kuniuliza kwa nini, kwa nini, mpaka Swaleh akagonga kifuniko cha thermos.

"Mwacheni mwanangu. Mlolongo hauulizwi sababu. Asimame anapotaka."

Ukashinda. Umeshinda kwa kishindo hata hesabu haikuhitajika. Walichukua pipa tupu la oili wakapiga isukuti mpaka mlinzi Mpakistani akaja kuuliza harusi ni ya nani, naye akaishia kupiga makofi. Uliimbwa huko, Baba, kwa jina, na mimi nimebaki kando ya matairi nikiusikia wimbo wako bila kuingia.

Kwenye kituo cha basi Odhiambo alinifuata. Alisema, "Mimi namtaka atoke kwa sababu tunafungwa. Wewe je?" Nikamwambia, kwa sababu ni baba yangu. Akaniangalia sana. Kisha akanishikia mkoba mpaka basi likaja.

Tangu siku hiyo kikundi hakinisalimii. Si neno, nitawazoea wakinizoea. Lakini barua yao ya pongezi iko njiani kuja kwa mkuu wa chuo, na mkuu atakuletea mkataba mpya, na najua wewe ukiona jina la Dubai kwenye karatasi utavimba kichwa utie sahihi kabla wino haujakauka. Usitie, Baba. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti, ingawa sakafu ya hapa imejaa vitanda na mapazia ya watu sita. Waambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba umeamua kupumzika. Usiseme ugonjwa kama hutaki. Sema Mama amekuhitaji shambani. Mpe yule msaidizi wako filimbi mbele ya watu, umshike mkono, uende ukakae na Mama kwenye benchi la mashabiki. Utaona raha ya kumtukana kocha, ni raha ambayo hujawahi kuionja.

Nisalimie Mama, na umwambie asiogope, sijamwambia mtu habari nimezipata kwa nani ila wewe. Salamu kwa Kukhu, nyanya yetu wa kuumwa magoti kila mwezi na kucheza kila harusi. Senge wa Chwele, dada yako, mwambie kanga zake nimezinunua, zile za rangi alizosema na si zile nilizozipenda mimi. Kaka yangu mkubwa mwambie namkumbuka hata kama hajibu ujumbe. Na wale vijana waliokuzunguka kwenye mvua, wasalimie mmoja mmoja kwa niaba yangu, bila kuwaambia nimejua.

Likizo yangu inshallah ni Desemba. Nimekosa kukuona miaka ambayo sitaki kuihesabu. Chuo kitapata kocha mwingine hata kesho asubuhi, mimi sitapata baba mwingine. Wale wote wa nyuma ya Land Cruiser walikupigia kura ubaki uwanjani, na walikupenda kweli, niliwaona. Mimi nilikupigia nikukute hai.

Ni mimi binti yako asiyekusahau,
Nekesa