Kekee ya Babu

Tornio, 20 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi hatujambo, isipokuwa mama anaimba jikoni, sijui kama huo nao ni ugonjwa.

Nina jambo sijawahi kumwambia mtu. Nakuandikia wewe kwa sababu simu huisikii, kwa hiyo huwezi kuniuliza kwa sauti mbele ya watu. Ni hivi: namdharau Jarkko, huyu mpenzi wa mama. Simchukii, maana kumchukia mtu ni kumpa heshima. Namdharau tu, kila siku, kuanzia kifungua kinywa. Na hakuna anayejua, kwa sababu mimi sisemi. Shuleni asubuhi tunasoma Kifini, mchana Kiswidi, na katika lugha zote mbili mimi nanyamaza.

Wajomba wamekodi kibanda kule ziwani kwa usiku mmoja, tukavue kwenye barafu, na mama amemwalika huyu muuza mapazia wake wa Helsinki. Sebule imekuwa duka. Kiti chenye tundu la kikombe. Soksi zenye betri. Mashine ya kumwonyesha samaki aliko, kana kwamba samaki ana miadi naye. Funza wa chambo aliwatoa kwenye friji, akawaweka bafuni kwenye joto.

"Jarkko, kuna nzi bafuni!" mama akapiga kelele. "Nzi, Februari!"

"Niliona wanatetemeka," akasema. "Nikawahurumia."

Lakini sikiliza hili. Jana alichukua kekee ya Babu bandani, ile ya kutobolea barafu, akakaa mezani na tupa, akanoa visu vya kekee huku akipiga mluzi. Kwa tupa, Bibi! Hapa hata mtoto anajua kisu cha kekee hakiguswi. Kikichoka unakwenda dukani kununua kingine. Visu hivi sasa vitateleza juu ya barafu kama vijiko.

"Ona Pihla, vinang'aa! Babu yako angefurahi, eh?"

Nikasema, "Mm."

Na wewe unaijua desturi yetu: mgeni ndiye anayetoboa tundu la kwanza, kwa kekee ya Babu, wote tumesimama tunamtazama. Mama amesema wajomba wakimkubali, Pasaka anahamia kwetu. Basi nimenyamaza. Nangoja kumwona akiizungusha bure.

Mjukuu wako,
Pihla

---

Luleå, 25 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linajua hali ya hewa kuliko redio. Nashukuru umekula na umelala, maana mtu mwenye njaa haandiki barua tamu kama ile. Nimecheka mpaka jirani yangu Helvi akaja kuuliza kama nimepaliwa na mkate.

Umefanya vizuri. Usimwambie neno. Mwache aizungushe mpaka mikono imtoke mabegani. Muuza mapazia! Atawatundikia samaki pazia. Na visu vipya vya Babu yako viko kwenye kopo la kahawa bandani, chini ya misumari. Viache huko huko, usije ukamhurumia kama yeye alivyowahurumia funza.

Mama yako hajui kuchagua, hajawahi kujua. Alianza na baba yako. Olavi alikaa mezani petu miaka yote ile, ukimuuliza chochote anajibu "mm". Akitoka tu kwenda kuwasha moto wa sauna ya kuogea, mjomba wako Veikko anamwigiza, "Mm, mm," kama ng'ombe anayekamuliwa, na sisi tunalia kwa kicheko. Mwisho alichoka mwenyewe akaondoka. Huyu naye atachoka.

Niandikie kila kitu, hata sura atakayoonyesha.

Bibi yako

---

Luleå, 4 Machi

Pihla mjukuu wangu,

Hujambo? Sijapata jibu lako. Umeugua, au ni posta? Mimi na Helvi tunasubiri kama watu wanaosubiri mchezo wa redio. Usije ukaharibu.

Bibi yako

---

Kibandani, 7 Machi, asubuhi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, sikuugua, na posta haina kosa.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Sikujua kwamba baba alichekwa. Nilidhani aliondoka kwa sababu hakutupenda. Nikakumbuka kila mlo nyumbani kwenu, mjomba Veikko akiniuliza habari za shule, nami nikijibu "mm" kisha nakwenda kuwasha sauna. Bibi, na mimi nikitoka mlikuwa mnanicheka?

Jana usiku mjomba Veikko alimwigiza Jarkko akiongea na mashine yake ya samaki. "Halo, sangara, upo?" Mjomba Ahti akamwaga kahawa kwa kucheka. Mama alicheka kidogo, halafu akatazama sahani yake. Hiyo sura ndiyo uliyotaka nikuandikie? Basi ilikuwa ya mama.

Usidhani Jarkko amekuwa na akili. Soksi moja betri imekwisha, amelala na mguu mmoja wa moto na mmoja wa barafu. Kiti chake kilivunjika garini. Asubuhi hii tulikuwa tukikusanya kuni, akaninong'oneza, "Mimi nawaogopa wajomba zako kuliko hiyo barafu. Wewe je?"

"Mm," nikasema.

"Eeh," akasema. "Ndivyo nilivyodhani."

Akabeba kuni zangu na zake, zote zikamponyoka mlangoni.

Namdharau bado, Bibi, lakini kwa mambo yake mwenyewe, si kwa ajili ya kuwachekesha ninyi. Kopo la kahawa nilikuja nalo tangu nyumbani. Wajomba na mama wameshashuka ziwani, wamesimama mahali pa tundu la kwanza, wanangoja. Kekee imeegemea ukuta hapa, na Jarkko amesahau kuichukua, bila shaka. Namsikia akirudi, theluji inalia chini ya viatu vyake.

Kila nikikuandikia, nikisikia mtu mlangoni, karatasi huingia chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani, bisibisi na visu vipya juu yake. Anapangusa viatu sasa. Asome akitaka, hata pale kwenye soksi. Nimeshaandaa neno la kwanza nitakalomwambia, nalo si "mm".

Mjukuu wako, binti wa Olavi,
Pihla