Waya wa Bosi Peke Yake

Arua, Jumatano

Na eti huyu ndiye mkuu wa ofisi! Siku tatu nimetambaa juu ya dari, nikila vumbi na mavi ya popo, nikivuta waya ili faksi zifike kwenye kompyuta ya kila meza. Leo asubuhi bosi akasema, "Toa hii yote. Barua ya ofisi lazima inapita kwa mimi kwanza."

Nikatoa. Ukabaki waya wake tu.

Saa tisa faksi ya kwanza ikaingia kutoka Kampala. Hakujua kuifungua. Akaniita, akafunga mlango, akaniambia nimsomee.

Nikasoma: anahamishiwa Koboko, kwenye ofisi isiyo na hata simu.

Akanikazia macho. "Wewe ndio umeandika hii?"

Na mkataba wangu wa kazi hii ya waya bado hajausaini.