Kitambaa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Juni
Saa moja, kidonge cha kupanga uzazi. Kulwa ananyonya, Doto anasubiri kwa kelele. Wana miezi mitano sasa. Nesi alinipa hivi vya kichocheo kimoja kwa kuwa nanyonyesha. Saa ileile kila siku, nisiruke. Baba Kulwa mwenyewe aliafiki. Mapacha wametutosha.

Kisha duarani, kwenye shimo la dhahabu, kupika. Wachimbaji kumi na wanane, Baba Kulwa mmoja wao, wapishi wawili: mimi na Mama Shija. Watoto kwenye mkeka nyuma yetu.

Jumatano, 5 Juni
Matone ya damu tena. Nesi alisema hutokea kwa vidonge hivi, si ugonjwa. Lakini nesi hapiki duarani. Kule mwanamke aliye kwenye siku zake hakanyagi. Wanasema dhahabu inakimbia. Zamani nilizijua siku zangu, nikabaki nyumbani. Sasa inakuja inavyotaka. Nimevaa kanga tatu. Joto.

Ijumaa, 7 Juni
Wiki nzima mawe matupu. Wanaume wanakula wamenuna, wanatuangalia.

Nimefikiria kuacha vidonge. Nimefikiria mimba nyingine. Naogopa vyote.

Jumamosi, 8 Juni
Wameokota kitambaa changu chenye damu nyuma ya jiko. Msimamizi akatuita mbele ya watu wote.

"Cha nani hiki?"

Nikaangalia chini. Baba Kulwa alikuwepo, ameshika sururu.

"Changu," akasema Mama Shija.

Wamemfukuza palepale. Sufuria zake zimerushwa nje. Mimi nikaendelea kusonga ugali. Najichukia.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwambia Baba Kulwa nitakwenda kusema ukweli.

"Ukisema, na mimi natolewa. Tutakula nini?"

Baadaye akaniuliza kama kesho nitakuwa salama. Kumbe na yeye anaamini dhahabu inakimbia.

Jumanne, 11 Juni
Napika peke yangu. Matone. Kila anayepita nahisi anajua. Nikiacha kazi, wataelewa. Nikibaki, wataona.

Bado mawe matupu. Hakuna anayelisema hilo.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeomba ruhusa, nimekwenda Kharumwa sokoni na Doto mgongoni. Mama Shija anauza dagaa, chini, kwenye kiroba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwingine yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

Nikamwambia kitambaa kilikuwa changu.

"Najua. Mimi siku zangu zilikoma mwaka juzi."

"Sasa kwa nini hukuwaambia hivyo?"

Akanitazama kama mtu aliyechoka.

"Jikoni tulikuwa wawili. Ningesema hivyo, angebaki nani?"

Akampokea Doto, akampakata, akaendelea kumpimia mteja dagaa kwa mkono mmoja.

Kesho nina zamu duarani. Leo nilikaa pembeni yake mpaka jua likapungua, nikifukuza nzi.