Mbwa Aliyefungiwa Stoo

Mpwa wangu, Mwalimu Mkuu,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mbwa anayekwaruza mlango ana njaa. Mbwa wa mjukuu wangu amefundishwa kukwaruza dakika chache kabla kifafa hakijamshika mtoto, ili alazwe chini mapema.

Sikulaumu kwa kumfungia mbwa huyo kwenye stoo ya shule. Najua wazazi wa wanafunzi wengine walikuja juu, hawataki mbwa darasani. Sisi hatujambo, ila magoti yangu yamegoma kabisa, ndiyo maana naandika badala ya kuja.

Asubuhi hii mlinzi wako alipita hapa akicheka. "Mzee, mbwa wenu mlafi huyo! Jana saa nne alikwaruza mlango mpaka rangi ikabanduka. Nikamtupia mfupa, hata hakuunusa."

Nilicheka naye, kisha nikachukua kalamu. Jana mtoto alirudi na jeraha ulimini, akasema aliteleza chooni wakati wa mapumziko ya saa nne. Hakuna aliyemwona.

Leo ameshaondoka kuja shuleni, na nguo ya kuogelea ameibeba. Darasa lake linaingia bwawani saa nane. Mlinzi atakukabidhi barua hii mkononi.

Ni mimi, mjomba wako. Mtoe mbwa stoo leo kabla ya saa nane, umkalishe ukingoni mwa bwawa.