Mwavuli wa Mama Moraa

Keumbu, Jumanne

Sikusema. Hiyo ndiyo kweli, na hapa daftarini sina wa kumdanganya.

Mkutano wa kutoa maoni kuhusu soko uliwekwa siku ya soko, sijui nani alipanga hivyo. Mama Moraa, anayeuza ndizi mbele ya duka langu la nguo, hangeweza kuacha biashara. Asubuhi aliniambia, "Mama Brian, wewe unajua kuongea. Utusemee sisi wa hapa nje."

Nikamwambia asijali.

Mwenyekiti alitusomea mpango: wauza ndizi wahamishwe nyuma ya steji ya matatu, mbele ya maduka pawe pa kuegesha magari. Akauliza kama kuna anayepinga. Nikafikiria duka langu likionekana vizuri kutoka barabarani, bila mikungu mlangoni. Nikainamia simu. Wenye maduka wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Jioni Mama Moraa akaniuliza, "Ulitusemea?"

"Nilijaribu." Ilitoka haraka hata nikajishangaa.

"Mbuya mono," akanishukuru. Kisha akaingiza meza na mwavuli wake dukani kwangu, kama kila jioni, maana hana pengine pa kuviweka. Akaniachia ndizi mbivu za watoto.

Watoto wamezimaliza. Mimi nilisema nimeshiba.

Kesho nitafungua mapema, nimtolee meza na mwavuli mimi mwenyewe kabla hajafika. Ataona ni wema. Lakini mimi sitaki tu aingie tena humo ndani akinishukuru.