Mutu Mwenye Kunijua

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Sivi sita tangu asubuhi, zile karatasi za kuomba kazi. Sita zote takataka. Chai yangu imepoa juu ya meza na mimi niko narudilia maneno ya jana: ondoa hii, ondoa hii, na hii tena.

Wa kwanza ameandika kijiji ya baba yake, kijiji ya nkambo, babu yake, na jina ya chifu. Hapa Nchelenge, Zambia, nani anauliza chifu wako wa Kongo? Wa pili ameweka Zaburi juu kabisa, mbele ya jina yake mwenyewe. Wa tatu anasema anajua luga munane. Nimemusalimia kwa Kifaransa, ameangalia viatu yake. Wa ine, wa tano na wa sita beko kwenye foto na koti moja, ile koti ya bluu ya mupiga foto wa soko, mikono inafunika vidole. Bosi atazania mama moja alizaa batatu siku moja.

Nilikuwa direkta wa shule miaka kumi na moja kule Pweto, Kongo. Nilisahihisha batoto. Sasa ninasahihisha bababa benye ndevu. Batoto balikuwa na akili zaidi.

Ba Chola, mwenye hii chumba ya fotokopi, anapiga mashini ya kompyuta kwa vidole mbili sawa kuku anadonoa mahindi. Kila mutu anamuuliza majina yake yote, polepole, kisha anayarudilia kwa sauti. Ni Mubemba, Kiswahili yake ni ya kununua samaki tu. Namuacha. Asiyejua maana haambiwi maana.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Kliniki ya kandokando ya ziwa inatafuta mwanamuke wa kutafsiri. Kibemba, Kiswahili, Kiingereza kidogo. Bamama banatoka visiwani na kambini kuja kuzaa, na banganga habaelewi banalilia nini. Tangazo iko kwenye mulango tangu asubuhi. Sasa hata muuza tomate ni mutafsiri.

Mama Kapya naye ameleta karatasi. Mama Kapya! Jirani yangu tangu mahema ya bakimbizi ya Kenani, 2017. Anachoma samaki kwenye tanuru. Moshi imemukula macho, yako mekundu siku zote. Munganga amemwambia: acha moshi ao utapofuka. Njo sababu anaitaka hii kazi sana.

Nimeweka karatasi yake chini ya kamusi, ile diksyonere yangu. Mwanamuke wa tanuru ataandika nini?

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mama Kapya amerudi kuuliza. Nimetoa karatasi chini ya diksyonere, nimemupa, nimesema: ni bien, ni muzuri. Sikusoma hata mustari mumoja. Alisimama kidogo pale mulangoni, akasema kitu, nikaitika ee, ee, juu redio ilikuwa inatoa habari. Ameenda na furaha.

Ameacha sahani ya chisense, ile samaki kidogo ya hapa, sawa kila Jumamosi. Leo chumvi ilizidi.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Kanisani sikuomba vizuri. Hasira.

Mbele ya kuingia, kijana moja alinishika mukono: Direkta, nimekuweka referansi! Anacheka, anazania amenipa zawadi. Sivi za Zambia zinataka chini kabisa majina ya batu benye kukujua, na telefone yao, bosi apate kuuliza. Kule kwetu hatukuzoea hii. Sasa bote banaandika mimi, juu direkta ni neno munene. Hakuna hata moja aliyeomba ruhusa. Kuna mwingine amenikuta mara moja tu, kwenye bomba ya mayi.

Jina yangu si kiti ya kanisa, kila mutu akalie. Nimeapa: bakiniuliza mutu nisiyemujua, nitasema simujui. Aka!

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kliniki imepiga telefone. Mwanamuke, Kiingereza safi. Ameuliza juu ya musichana moja wa kisiwa ya Chisenga. Nimesema simujui. Ni kweli, simujui.

Ameuliza tena: Ngoyi Mwadi Josefina? Nimesema simujui.

Akasema: huyu ameandika munajuana miaka munane. Nikajibu: Madamu, batu banaandika mengi. Mimi batu bangu ninabajua. Akashukuru, akakata.

Nimesikia raha, naandika wazi. Mwongo akifungiwa mulango kwenye pua, inafaa. Bukari yangu, ile ugali ya jioni, nimekula mpaka nimekwangua chungu.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Umeme hakuna. Fotokopi imefungwa. Leo hakuna mujinga hata moja.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mama Kapya hajapita kwangu siku tatu. Tanuru yake inatoa moshi, basi eko. Asubuhi nilimusalimia kule njiani. Ameitika bila kugeuka. Bon. Na yeye amepata kiburi.

Saa kumi Ba Chola ameniita nyuma ya meza yake. Kwa ile Kiswahili yake ya samaki, na mukwai ya Kibemba ya heshima: "Direkta mukwai, kazi ya Mama Kapya imekufa. Maulizo ya kliniki alishinda bote. Ilibaki telefone tu. Mutu wa telefone alisema hamujui."

Nimecheka. Kweli nimecheka. Nikasema: njo vile, anaandika jina ya mutu bila kumuomba, hata weye nilikwambia. Ba Chola hakucheka. Akageuza kioo ya mashini upande wangu.

Sivi ya Mama Kapya. Juu kabisa: NGOYI MWADI JOSEFINA. Chini kabisa, kwa maneno yake mwenyewe: Mutu mwenye kunijua. Na pale, Kyembe Mulongo Remi, direkta wa shule. Majina yangu yote matatu. Marehemu muke wangu mwenyewe alikuwa anasahau Mulongo.

Nilikaa juu ya kiti.

Miaka munane. Kule Kenani malaria iliniangusha, huyu mwanamuke alinikorogea uji na kuninywesha na kijiko sawa mutoto. Nilikuwa namuita Mama Kapya, juu Kapya ni mutoto wake wa kwanza, na sikuuliza mbele zaidi. Kwetu njo adabu, mama anaitwa kwa mutoto. Adabu! Nisijifiche nyuma ya adabu. Karatasi ililala siku mbili chini ya diksyonere yangu na jina yake iko juu kabisa.

Na Jumamosi ile, pale mulangoni, sasa nakumbuka alisema nini. Alisema: Direkta, nimebaweka ninyi referansi, si mubaya? Aliomba ruhusa. Katika bote, yeye peke yake aliomba. Nikaitika ee, nikageukia redio.

Mujinga ni mimi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimeenda kliniki kwa miguu, na koti na tai. Yule mwanamuke wa telefone amenisikiliza mpaka mwisho. Amesema pole. Bamekwisha kuchukua mwingine, alianza jana. Nimemwambia mwenye kukosa ni mimi, si mama yule. Ameandika kitu kwenye daftari. Sijui ameandika nini.

Kisha tanuruni. Moshi inauma. Nilisimama mbele yake sawa mwanafunzi mwenye kuchelewa. Nimemwambia yote. Sikusoma. Sikusikiliza. Balinitajia jina yako nikasema simujui, na siku ile nilikula vizuri. Nimesema hata hiyo.

Aliendelea kugeuza samaki, moja moja. Akafuta macho na mukono wa nguo. Moshi ao machozi, sikuweza kujua.

"Nilizania mumenikasirikia, Direkta," akasema. "Siku zote hizi natafuta nimebakosea ninyi nini."

Hiyo tu. Bora angenitukana mbele ya soko yote.

Leo sahani ya chisense haikuja. Nimekula bukari na chumvi.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Mumoja wa koti ya bluu amerudi. Mbele ya kugusa karatasi yake nimemuuliza majina yake yote. Nikayarudilia kwa sauti. Ba Chola ameniangalia, kisha akarudi kwenye mashini yake.

Ile Zaburi ya mwenzake nimeiondoa lakini. Sivi si misa.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Baridi kidogo, upepo wa ziwa. Kliniki moja ya Mununga nayo inatafuta mutafsiri. Mama Kapya amekuja na karatasi. Jicho ya kushoto amefunika na kitambaa. Nimemupa kiti. Redio nimezima.

Nimesoma kila mustari, na kidole chini ya maneno. Ukurasa moja tu. Hakuna chifu, hakuna Zaburi. Kwenye foto amevaa nguo yake mwenyewe. Kazi: kuchoma na kuuza samaki miaka munane, kuelewanisha banunuzi Babemba na bavuvi ba Kongo kila asubuhi. Hiyo ni kutafsiri kwenyewe, na mimi nilipita pale kila siku nikiona samaki tu. Nilitafuta kosa ya kusahihisha. Sikupata.

Nikafika chini. Mutu mwenye kunijua: Chola Petelo, mwenye fotokopi.

Nimerudia pale mara mbili. Ba Chola alikuwa anapangusa mashini yake na kitambaa, hakuinua kichwa. Mama Kapya alingoja, mikono juu ya magoti.

Nimemurudishia karatasi kwa mikono mbili. Nimesema: ni bien.