Jiwe la Upande wa Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na lori lako la maji likiwa zima pia, maana najua likiugua wewe ndiye unayekosa usingizi. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na yule mpwa wangu mdogo, bado anagoma kuvaa viatu? Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema yale mapazia uliyotuma yameifanya sebule yetu ionekane ya watu wenye adabu.

Habari kubwa ya huku ni safari ya mlimani. Tunapanga tena kupanda ile njia ya mawe ambayo Baba alikuwa akitupeleka tukiwa wadogo, mimi nikitapika na wewe ukimwomba aongeze mwendo. Safari hii tuko magari manne. Fundi ndiye mwenye gereji tunapokutana, Mwalimu ndiye mwenye maneno mengi, na Mfamasia, mama mpole kuliko dawa zake, ndiye mwenye gari bovu kuliko yote. Mimi ni wa mbele, wa kuongoza msafara, kama kawaida. Tangu Baba afariki na kuniachia gari lake, walinipa nafasi yake bila hata kuniuliza, nami nikaizoea.

Kikao kilitaka kuvunjika kwa sababu ya upepo wa matairi. Mwalimu alishauri tuupunguze tukifika kwenye mawe ili matairi yashike vizuri. Mfamasia akauliza tutayajaza na nini wakati wa kurudi, au Mwalimu ataazima mapafu yake, maana kwa kuongea tu hajaonekana kuchoka. Tulivunjika mbavu. Fundi akamaliza ubishi kwa kusema atabeba pampu yake mwenyewe, na atakayeiangusha atarudi kwa miguu.

Unazikumbuka desturi za Baba, bado tunazifuata. Fundi alipanga mawe kwenye sakafu ya gereji kama yalivyo kwenye ile sehemu nyembamba juu ya korongo. Kisha kila dereva akavaa ile fremu ya mbao mabegani, iliyokatwa kwa kipimo cha gari, akashika usukani wa zamani na kupita katikati ya mawe. Watu wazima na ndevu zetu, tunavaa gari na kunguruma kwa midomo. Mpita njia akichungulia anaweza kutuitia daktari.

Zamu yangu ilipofika niliingia kwa madaha, nikaligonga jiwe la kushoto, la upande wa korongo. Nikarudi nyuma, nikalenga upya, nikaligonga tena. Nilifikiri Fundi analisogeza kwa utani. Mara nikasikia makofi. Mwalimu alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba nawaonyesha makusudi jinsi gari linavyoanguka, akaniomba nirudie polepole ili Mfamasia aone vizuri. Dada, nikarudia. Tena nikainamisha kichwa kushukuru.

Halafu ikaja ile desturi nyingine, ya kila dereva kusema hadharani anaogopa nini, wa mbele akiwa wa mwisho. Mfamasia alisema anaogopa breki zake kwenye mteremko. Mwalimu akakiri kwamba anaogopa gari kumzimikia katikati ya mwinuko huku mkewe akimtazama, na kwa kuwa hairuhusiwi kucheka, tuliuma midomo. Mimi nikasema naogopa mvua. Fundi alinitazama, kisha akautazama ubavu wa kushoto wa gari langu, ambao ameupaka rangi mara nyingi na kila mara mimi nalisingizia geti la nyumbani.

Dada, lile jiwe sikuliona.

Jumatatu wifi yako alinipeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha karibu lote, kidogo kidogo, bila maumivu, mimi nikigombana na geti. La kulia bado ni zima na nimepewa dawa ya kulitunza, lakini kilichopotea hakirudi, na usukani nimeambiwa niuache. Nimelia, sikufichi. Ila kinachonisumbua kuliko jicho lenyewe ni yale makofi. Wale watu wananiamini kiasi kwamba nikikosea wanadhani nafundisha. Wangenifuata hadi korongoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakisifu.

Jumamosi hii tunakutana tena, na nitasimama niseme hofu yangu ya kweli. Lakini kabla sijafungua mdomo nataka kukuomba jambo. Njoo uwaongoze wewe. Wenzangu hawajui, ila mimi najua kwamba pale kwenye sehemu nyembamba Baba alikuwa akishuka, anakupa wewe usukani, yeye anatangulia kwa miguu akikuelekeza kwa mikono, na mimi nimejikunyata kiti cha nyuma. Hukuwahi kugusa jiwe hata moja. Najua utasema lori la maji si gari la mlimani. Aliyezoea kurudisha lori kinyumenyume kwenye vichochoro vya mjini kwenu asinitanie mimi kuhusu mawe. Ukikataa sitakununia. Safari tutaifuta, maana Fundi, niliyemdokezea peke yake, ameniambia wazi kwamba nyuma anaweza, mbele haendi.

Mimi nitakaa kiti cha abiria, kushoto, juu ya korongo. Ni upande nisiouona, kwa hiyo sitakupigia kelele.

Jana niliingia garini peke yangu, nikashika usukani wa Baba kwa muda. Kisha nikakisogeza kiti cha dereva mbele, hadi mwisho wa reli yake, kwa ajili ya hiyo miguu yako mifupi. Sasa hata nikitaka kukaa pale, magoti yangu hayaingii.

Nisalimie shemeji, umwambie apumzishe mgongo. Wabusu wapwa zangu, hasa huyo asiyetaka viatu. Wifi yako ameshakuandalia kitanda, ingawa nimemwambia asitangulize furaha. Nangoja neno lako kabla ya Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
abiria wako.